Kona Baridi ya kweli iko kilomita 100 juu: mwongozo kamili wa kuipiga picha mesopozi ukitokea Nairobi

Ukitoka Kiserian ukishika barabara ya Magadi unafika mahali panaitwa Kona Baridi, na hilo jina si mapambo, upepo unaopanda kutoka Bonde la Ufa hapo saa nne usiku unaingia mpaka kwa mifupa. Nimekaa hapo usiku mwingi na shuka mbili na chupa ya chai nikipiga picha kitu ambacho hiyo kona ukiilinganisha nacho ni jikoni.

Hicho kitu kinaitwa mesopozi. Ni mpaka wa tabaka mbili za hewa huko juu, chini yake kuna mesosfia na juu yake kuna thamosfia, na ndio mahali pa baridi kushinda pote katika hewa ya dunia hii. Kwetu huku karibu na ikweta iko kama kilomita 100 kwenda juu, yaani Nairobi hadi Naivasha na kipande kidogo, sema tu hakuna matatu ya upande huo. Baridi yake hapa kwetu ni karibu na digrii -100 za Selsiasi. Ile rekodi ya baridi ya ardhini, kituo cha Vostok kule Antaktika tarehe 21 Julai 1983, ilikuwa -89.2, kwa hivyo juu ya Rongai kila usiku kuna baridi kushinda hiyo na watu wamelala tu.

Shida ni moja, hakuna anayeweza kwenda kukaa huko. Ndege za abiria ziko kilomita 10 hadi 12. Baluni za watu wa hali ya hewa zinazorushwa Dagoretti Corner zinapasuka kwa kilomita 30 hivi. Baluni iliyowahi kwenda juu kushinda zote ilikuwa ya Wajapani mwaka 2013, ikafika 53.7. Setilaiti nazo haziwezi kushuka hapo, hewa itazivuta zianguke. Hata ile setilaiti ya Uhuru iliyorushwa kutoka San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ilipapita tu ikielekea kwake juu zaidi. Kinachobaki ni roketi ndogo zinazopita hapo dakika chache zikirudi chini, au kuangalia kwa mbali.

Na kuangalia kwa mbali hata wewe unaweza, manake pale mahali panatoa mwanga. Hiyo ndiyo siri yote ya huu mwongozo: baridi haionekani lakini taa zinazowaka karibu na huo mpaka zinaonekana, na ukijua ni taa gani unajua unaangalia wapi.

Kwanza elewa hii, usiruke

Chukulia umeingia lifti hapa mjini inayokupeleka juu moja kwa moja. Mwanzo baridi inaongezeka, kama digrii 6 na nusu kila kilomita, ndio maana Mlima Kenya una barafu na Embu hakuna. Ukifika kilomita 16 au 17 uko kama -80. Hapo watu hudhani itaendelea hivyo hivyo, kumbe inageuka, joto linaanza kupanda sababu ozoni iliyoko huko inashika miale ya jua, na kwa kilomita 50 unaweza kukuta karibu sifuri. Kisha ozoni inaisha, hakuna tena cha kushika jua vizuri, na kaboni dayoksaidi iliyoko huko inafanya kazi ya ajabu, hii hii inayotupashia joto huku chini, huko juu hewa ni nyepesi sana hivyo joto ikilitoa linatoroka moja kwa moja kwenda angani. Inapoza badala ya kupasha. Joto linashuka, linashuka, mpaka karibu kilomita 100, halafu linageuka tena na kupanda kwa mamia ya digrii kwenye thamosfia ambako miale mikali ya jua ndiyo inafika kwanza. Pale linapogeuka ndipo mesopozi.

Kuna kitu kilinichanganya sana nilipokianza kukisoma. Mahali mesopozi ni baridi zaidi ni juu ya ncha za dunia, na si wakati wa kipupwe chao, ni wakati wa kiangazi, jua likiwaka saa 24! Inashuka chini ya -140. Sababu yake ni mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka huku chini, kwa milima na mvua kubwa, yakifika huko yanavunjika kama ya pwani na kusukuma upepo wote wa huko, hewa inalazimika kupanda juu ya ile ncha yenye kiangazi, na hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa. Mtungi wa gesi ukiufungulia kwa nguvu ule mdomo wake unakuwa baridi, ni kitu kama hicho.

Ndio sababu kuna picha unaziona za mawingu ya bluu yanayong'aa usiku, za watu wa Sweden au Kanada, zikisemekana ni mesopozi. Ni kweli, ni barafu iko kama kilomita 83, watu walianza kuyaandika mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatoa, na Marekani wakarusha setilaiti ya AIM mwaka 2007 kuyachunguza. Lakini hapa Nairobi hutayaona. Hewa ya huko ni kavu sana, barafu inahitaji baridi zaidi ya hii yetu. Mtu akikuambia ameyapiga picha Athi River mwambie ni mawingu ya kawaida yamemulikwa na taa za viwanda.

Sisi tuna taa tatu. Kuna mng'ao wa anga, ule mwanga hafifu wa kijani unaotolewa na oksijeni kama kilomita 95 juu, usiku wote, kila usiku, dunia nzima. Kuna vimondo, vinavyoungua kati ya kilomita 75 na 110, yaani vinatoboa mesopozi yenyewe. Na kuna spraiti, si soda, ni radi nyekundu inayoruka juu ya mvua kubwa hadi kilomita 90. Anza na mng'ao, kisha vimondo, spraiti iwe ya mwisho manake itakutesa.

Hatua ya 1: chagua usiku

Mwezi usiwepo. Hii haina mjadala, hata nusu mwezi inaua mng'ao kabisa. Chukua siku tano kabla na tano baada ya mwezi mwandamo, au hesabu saa ambazo mwezi umeshazama. Giza kamili kwetu linaingia kama saa moja na dakika arobaini usiku, mwaka mzima ni hapo hapo, hiyo ndiyo raha ya kukaa ikweta.

Miezi mizuri ni Januari na Februari. Julai na Agosti Nairobi ni blanketi la mawingu, utakaa wiki tatu hujaona nyota, lakini ukishuka chini Magadi mara nyingi unakuta kweupe wakati huku juu ni manyunyu. Angalia apu ya Windy, sehemu ya mawingu, lakini usiangalie pale ulipo tu. Ukiangalia chini chini upande wa upeo unaangalia hewa ya mbali sana, hivyo hata mawingu ya kaunti ya pili yanakuhusu.

Hatua ya 2: mahali

Kutoka mjini huwezi, tuwe wakweli. Kati ya taa za barabara, mabango na zile mulika mwizi za mtaani, anga la Nairobi ni la rangi ya chungwa. Nilijaribu juu ya paa la ploti Umoja, nikapata picha 200 za rangi ya Fanta.

Kona Baridi inafaa kwa kuanzia sababu ya mpangilio wake. Mwanga wa jiji unabaki nyuma yako kaskazini mashariki, na mbele yako magharibi na kusini ni bonde tupu. Haiko giza kamili lakini inatosha. Ukitaka giza la maana shuka zaidi, Olorgesailie au Magadi penyewe, joto la huko litakusahaulisha shuka. Wenye gari na wikendi ndefu waende Amboseli au Samburu, na wale wa Chalbi nawaonea wivu tu.

Usiende peke yako. Usisimame kando ya barabara. Ongea na mwenye shamba au kambi mchana, lipia kama ni ya kulipia, mwambie utakuwa na vitaa vyekundu na utakaa mpaka alfajiri, na umsalimie askari wa usiku umwonyeshe kamera, manake mtu anayeinama gizani na kitu cha miguu mitatu haeleweki haraka. Mimi nimewahi kuzingirwa na mbwa wanne na wazee wawili wenye rungu, tukamaliza tukiangalia Zohali pamoja, lakini zile dakika kumi za kwanza sitaki kuzikumbuka. Fisi pia wapo. Takataka zako rudi nazo.

Hatua ya 3: vifaa

Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi inatosha, hata ya mtumba ya miaka kumi. Lenzi iwe pana, milimita 14 hadi 24, na iwe inafunguka f/2.8 au namba ndogo zaidi ya hapo, manake hiyo f ni tundu la kuingiza mwanga na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Tripodi nzito, au nyepesi umeitundikia begi la mawe. Betri za ziada uzifiche mfukoni karibu na mwili, baridi inazimaliza. Taa ya kichwa yenye rangi nyekundu. Kitambaa cha kufuta lenzi, umande wa hapo Kona Baridi unashika kioo kufikia saa sita usiku bila wewe kujua, wengine hufunga soksi yenye kile kimfuko cha kupasha mikono kuzunguka lenzi na inasaidia.

Simu je? Inawezekana, usicheke. Iwe na Pro modi inayofika sekunde 30 na ikubali kuhifadhi faili ghafi (RAW), siyo JPEG peke yake. Iegemeze kwa tripodi, weka saa ya kuchelewesha sekunde 3 ndio usiitikise ukibonyeza. Hutapata mawimbi ya mng'ao vizuri lakini ile kijani karibu na upeo utaipata, na vimondo vikubwa pia.

Kabla ya kutoka nyumbani rekebisha saa ya kamera ilingane na simu mpaka kwa sekunde. Utaona kwa nini.

Hatua ya 4: fokasi, hapa ndio wengi hufeli

Zima fokasi ya otomatiki. Tafuta nyota kali, Siriasi inatosha, ivute kubwa kwa skrini, zungusha pete ya lenzi polepole mpaka iwe nukta ndogo kabisa, halafu bandika selotepu hapo pete ilipo. Ile alama ya mwisho iliyochorwa kwa lenzi usiiamini, lenzi nyingi hupitiliza. Piga picha moja, ivute tena uangalie. Rudia kila saa moja, sababu baridi inasogeza vioo. Nilipoteza vimondo vya Geminidi vya usiku mzima kwa kutobandika selotepu, nyota zote zilitoka kama maandazi.

Hatua ya 5: kupiga mng'ao

Anzia hapa: f/2.8, ISO (vile kamera inavyohisi mwanga) 3200, sekunde 20, joto la rangi (white balance) weka 4000. Kama lenzi yako ni ndefu kuliko 24 punguza sekunde, chukua 500 ugawe kwa urefu wa lenzi na hizo ndizo sekunde zako, zikizidi nyota zinaanza kuwa mistari. Picha ikiwa giza panda ISO 6400, kelele, yaani zile chembe chembe za picha, utaishughulikia baadaye kwa kompyuta.

Sasa elekeza wapi? Silika ni kuelekeza juu kabisa, na ni makosa. Ukiangalia juu unatazama lile tabaka kwa unene wake mdogo. Ukiangalia chini chini unalitazama kwa ubavu, mwanga unajumlika, kama vile pazia jepesi unavyoliona zito ukilitazama kwa upande. Chini zaidi ya hapo vumbi linakula mwanga. Pale pazuri ni kati ya digrii 10 na 20 juu ya upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10, kwa hivyo ngumi moja hadi mbili.

Na hapa kuna hesabu naipenda. Mng'ao ulioko kilomita 95 juu, ukiuona kimo cha ngumi moja, ukishahesabu na mviringo wa dunia, uko juu ya mahali palipo kama kilomita 450 kutoka kwako. Kona Baridi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni karibu hivyo hivyo. Kwa maana nyingine ukielekeza kamera kusini mashariki ngumi moja kutoka chini, ile kijani unayopiga iko juu ya vichwa vya watu wa Mombasa. Hiyo ni mesopozi yao si yako.

Piga mfululizo, picha moja baada ya nyingine bila kupumzika, angalau saa moja. Picha moja haitoshi na nitakuambia kwa nini hapo mbele.

Macho yako yenyewe hayataona kijani. Utaona labda anga si jeusi kabisa, ni la kijivu, hata mbali na kila taa, na huo ukijivu ndio wenyewe. Msweden Anders Ångström aliuona mstari wake wa kijani kwa kifaa chake mwaka 1868, ulikuwa kila mahali angani hata usiku usio na mwanga wa kaskazini.

Hatua ya 6: je, ni mng'ao kweli?

Kijani kwa picha ya usiku si ushahidi. Kamera nyingine huweka kijani tu zenyewe. Pima hivi.

Taa za mji zina kuba, zinang'aa upande mmoja na kufifia ukipanda, na ni za njano au nyeupe. Mng'ao uko pande zote. Mawingu yanafunika nyota, mng'ao nyota zinapenya ndani yake bila shida. Njia ya Maziwa inazunguka pamoja na nyota, na ule mwanga wa pembetatu unaouona magharibi jua likishazama Februari hivi ni vumbi la kati ya sayari, nao unazama pamoja na nyota. Mng'ao unatembea kivyake. Hapa ndipo zile picha za saa nzima zinalipa, ziunge kama video uzikimbize, ukiona mistari kama mawimbi ya mchanga ikipita kwa nyuma ya mawingu na mbele ya nyota, basi umeipata mesopozi ikicheza. Yale mawimbi ni yale yale niliyotaja yanayopanda kutoka kwa mvua na milima. Mwezi Novemba 2023 NASA walipeleka kifaa cha AWE kwa kituo cha anga cha kimataifa kikaangalie hayo mawimbi tu kutoka juu, wewe unayaangalia kutoka chini.

Ukiona wekundu mpana mapema usiku, huo mara nyingi ni oksijeni ya juu zaidi, kilomita 250 hivi, mzuri lakini si mpaka wetu. Ukiona utepe wa njano hafifu inaweza kuwa sodiamu, iliyoachwa huko na vimondo vinavyoungua, iko kama kilomita 90. Wenye darubini kubwa kule Chile hupiga tabaka hilo la sodiamu kwa leza ya rangi ya chungwa wakatengeneza nyota bandia ya kurekebishia picha zao. Baridi yetu ina matumizi jamani.

Hatua ya 7: vimondo, na kupima urefu kwa tan ya sekondari

Setingi ni zile zile, sema ISO unaweza kuiacha 3200 na uelekeze juu zaidi, ngumi nne au tano. Tarehe: Geminidi usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba ndio bora kwetu, angalia kaskazini kuanzia saa tano, saa nane hadi tisa usiku chanzo chake kinafika juu yake kabisa. Eta Akwaridi za 5 na 6 Mei chanzo chake kinafika kama nusu ya anga mashariki alfajiri, zinatoka kwa kometi ya Halley, ni za Mungu tu kama masika yatakuruhusu. Pasidi za Agosti 12 wazungu huzisifu sana, kwetu ziko chini kaskazini na mawingu ya Agosti unayajua, mimi huwa siendi.

Sasa jambo la kufurahisha. Tafuta rafiki. Wewe kaa Kona Baridi, yeye aende Magadi, katikati yenu ni kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, pimeni wenyewe kwa ramani ya simu. Wote muelekeze kamera sehemu moja ya anga iliyo katikati yenu, yaani wewe unaangalia kusini magharibi yeye kaskazini mashariki, mkiwa mmeinua sana, digrii 70 hivi. Kimondo kimoja kikipita kitaingia kwa kamera zote mbili, na kwa sababu saa zenu zinalingana mtakijua ni kile kile.

Pandisha kila picha kwa tovuti ya astrometry.net, ni bure, itakutajia nyota zote zilizopo. Kisha fungua Stellarium, ile apu ya ramani ya nyota, weka mahali ulipo na saa ile ile, soma kimo cha nyota iliyo karibu na pale kimondo kilipozimika. Tuseme wewe umepata digrii 70 na mwenzako 75, na kiko katikati yenu kwa mstari mmoja. Tan ya 70 ni 2.75, moja gawa kwa hiyo ni 0.364. Tan ya 75 ni 3.73, moja gawa kwa hiyo ni 0.268. Jumlisha, 0.632. Sasa 60 gawa kwa 0.632, unapata 95. Kilomita 95! Kimondo chenu kimezimika mlangoni pa mesopozi na mmeipima na simu mbili na hesabu za shule. Mkikosea kimo kwa digrii moja mnapotea kama kilomita 3, si mbaya.

Kama hakiko katikati kwa mstari hesabu inakuwa ndefu kidogo, lazima uhesabu na uelekeo, lakini anza na vile vilivyo karibu na mstari. Vile vya polepole kama Geminidi, kilomita 35 kwa sekunde, huingia ndani zaidi, vya kasi kama Eta Akwaridi za kilomita 66 huwaka na kuisha juu zaidi. Mkikusanya kumi mtaanza kuuona huo utofauti wenyewe.

Hatua ya 8: spraiti, kwa wenye subira

Marubani walisema kwa miaka wanaona miale mekundu juu ya radi, hawakuaminiwa, mpaka tarehe 6 Julai 1989 watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakijaribu tu kamera wakainasa kwa bahati. Inatokea baada ya radi kali kupiga ardhi, inadumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na juu yake kabisa, karibu na mpaka wetu, inakutana na hewa iliyo tayari kushika umeme.

Bahati yetu ni Ziwa Viktoria, moja ya mahali penye radi nyingi duniani. Mchana mvua inanyesha nchi kavu, Kisii, Kericho na hizo sehemu, usiku upepo wa nchi kavu unageukia ziwani kutoka pande zote unagongana katikati, na mvua inahamia majini mpaka asubuhi. Kutoka Kona Baridi hiyo mvua iko kilomita 300 hadi 400 magharibi. Wingu lenyewe halitaonekana, liko chini sana na ukuta wa ng'ambo ya bonde unaliziba, utaona tu anga likimweka mweka huko nyuma kama mtu anawasha na kuzima stima. Hapo hapo ndio unataka. Spraiti ya mvua iliyo kilomita 300 itatokea kati ya digrii 8 na 15 juu, ngumi moja hadi moja na nusu. Ikiwa karibu zaidi itakuwa juu zaidi.

Fungua ramani ya radi ya Blitzortung kwa simu ujue mvua iko wapi, elekeza, lenzi milimita 35 au 50 iliyofunguka f/1.8, ISO 6400, sekunde 2, kamera ipige mfululizo bila kuacha kwa saa mbili. Hiyo ni picha zaidi ya elfu tatu kwa hivyo uwe na kadi kubwa. Mimi usiku wa kwanza sikupata kitu, wa pili sikupata kitu, wa tano nikapata uzi mwekundu mmoja mdogo kama jeraha la kalamu kwa kona ya picha, nikapiga kelele mpaka mbwa wakaanza tena.

Huku kwako lazima kuwe kweupe na kule kuwe na mvua kubwa, hiyo ni Machi mwanzoni na Oktoba kabla vuli haijakushika wewe pia.

Hatua ya 9: nyumbani

Usiguse JPEG, fanya kazi na faili ghafi. Kwa mng'ao, chukua picha sita hadi nane zinazofuatana, ziunganishe kwa programu ya Siril au Sequator, zote ni za bure, kelele inapungua sana. Usizidishe kumi, mawimbi yanatembea na yatayeyuka. Kisha nyanyua mwangaza polepole na uongeze kontrasti, ukiona kila mahali pamekuwa kijani kama rangi ya matatu umezidisha, rudi nyuma. Kwa vimondo usiunganishe, pitia moja moja na chai. Kwa spraiti pitia kwa kasi ukiangalia ile sehemu ya ngumi moja pekee, na kila uliyodhani umeipata linganisha na picha ya kabla na ya baada, ikiwa iko kwa zote tatu ni taa ya mlingoti wa simu.

Majina ya faili yaandike tarehe, saa, mahali na upande ulioelekeza kabla hujalala, kesho hutakumbuka. Na hiyo shuka yenye umande ianike kwanza.